Asilimia Themanini ya Nini?

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi kwenye korido za hospitali, na siku hizi naikuta hata kwenye habari zetu za afya: "Mgonjwa huyu ana asilimia 80 ya kufa." Husemwa kwa sauti ya chini na kwa uhakika mkubwa. Wanaoisikia hunyamaza. Nani abishane na namba?

Mimi nataka kubishana nayo. Na naileta kwa wasomaji wa fasihi kwa makusudi, maana kosa lake la kwanza ni kosa la usomaji: sentensi imebadilishiwa kiima. Namba ile haikuandikwa kumhusu mgonjwa huyu. Iliandikwa kuhusu kundi la watu asiowajua, waliotibiwa katika hospitali ambazo hajawahi kukanyaga, na moja ya kazi kubwa iliyokusudiwa ilikuwa kuipima hospitali yenyewe. Sisi tumeigeuza. Tumeifanya imhukumu aliyelala kitandani, na hospitali tumeiacha ipite bila swali. Huo ndio ugomvi wangu wote. Yanayofuata ni ushahidi.

Kwanza tuone namba yenyewe inapikwaje.

Mifumo ya alama kwa wagonjwa mahututi ipo mingi, lakini maarufu kuliko yote ni APACHE. Ilitengenezwa Marekani na William Knaus na wenzake wa Chuo Kikuu cha George Washington, ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1981. Toleo la pili, APACHE II, lilitoka 1985 na ndilo lililosambaa duniani. Mgonjwa akishaingizwa ICU, unachukua vipimo 12 vya mwili wake: joto, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, oksijeni katika damu, uchachu wa damu, sodiamu, potasiamu, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, kiasi cha chembe nyekundu, idadi ya chembe nyeupe, na kiwango cha fahamu. Kwa kila kipimo unaangalia saa 24 za mwanzo na kuchukua pale kilipokuwa kibaya kuliko wakati wowote. Kikiwa mbali zaidi na kawaida, alama zinaongezeka. Unajumlisha na alama za umri na za magonjwa sugu. Jumla inaweza kuwa 0, inaweza kufika 71. Kisha jumla hiyo, pamoja na sababu iliyomfikisha ICU, inaingizwa kwenye mlinganyo, na mlinganyo unatema asilimia.

Mlinganyo wenyewe ulitoka wapi? Ulitoka kwa wagonjwa 5,815 waliolazwa katika ICU za hospitali 13 za Marekani. Kwa hiyo "asilimia 80", ukiifungua, inasomeka hivi: katika kila watu 100 waliokuwa na vipimo vinavyofanana na hivi, wakatibiwa kule, kwa namna ile, katika miaka ile, 80 hawakutoka hospitali wakiwa hai. Ni sentensi ndefu, nakubali. Lakini ina mahali, ina wakati, ina matibabu. Ukiifupisha kuwa "ana asilimia 80 ya kufa" umekata mahali, umekata wakati, umekata matibabu, umebakiza mtu na kifo chake peke yao chumbani. Mhariri makini angekurudishia andiko lako.

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo ndiyo imenifanya niandike. Mwaka 1986, Knaus na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Annals of Internal Medicine. Walichukua wagonjwa 5,030 katika hospitali 13. Kwa kila hospitali walikokotoa vifo vinavyotarajiwa kulingana na ukali wa hali za wagonjwa wake, halafu wakahesabu vilivyotokea kweli. Hospitali moja ilitarajiwa kuwa na vifo 69. Vilitokea 41. Hospitali nyingine ilikuwa na vifo vilivyozidi matarajio kwa asilimia 58.

Isome tena taratibu. Wagonjwa wenye ukali uleule wa ugonjwa, katika nchi ileile, wakati uleule. Kwenye hospitali ya kwanza tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea ni watu 28. Watafiti wakatafuta sababu. Hawakuikuta kwenye wingi wa matibabu maalumu, wala kwenye muundo wa uongozi wa wodi, wala kwenye hadhi ya kuwa hospitali ya kufundishia. Walichokiona ni kwamba tofauti ile ilihusiana zaidi na jinsi watumishi wa ICU walivyoshirikiana na kuratibu kazi zao. Yaani nani anamwambia nani nini, saa ngapi, na anayeambiwa anafanya nini.

Hapo ndipo alama hizi zilipofanya kazi yake nzuri kuliko zote, kwa sababu ziliiangalia wodi. Ukizisoma hivyo, asilimia inakuwa swali: mgonjwa wa namna hii kwa kawaida huponea mahali pengine, kwa nini kwako hakupona? Ukizisoma kama tunavyozisoma sisi, asilimia inakuwa udhuru: alikuwa wa kufa tu, tulijua tangu mwanzo.

Wapenzi wa lugha watafurahia kuangalia vichwa vya machapisho hayo. Makala ya 1981 ilijiita mfumo wa kuainisha. Ya 1985 ilijiita mfumo wa kuainisha ukali wa ugonjwa. Ya 1991, iliyoleta APACHE III, ikajiita mfumo wa kubashiri, na ndani ya kichwa hichohicho ikaweka neno la kutabiri hatari ya kifo. Ndani ya miaka 10, chombo kimehama kutoka kwenye kuainisha hadi kwenye kutabiri. Hesabu ni za ukoo mmoja. Kilichobadilika ni kitenzi.

Na kwetu kitenzi hicho kina uzito wake. Tabiri, kwa asili yake ya Kiarabu, inatokana na kufasiri ndoto. Bashiri inatokana na kuleta habari njema, ingawa vijana wetu wa leo wanaijua zaidi kwenye kubashiri matokeo ya mechi na kusubiri mkeka utiki. Kadiria inatokana na kupima kiasi. Maneno matatu, kazi tatu. Mwandishi wa habari anayeandika "mashine yatabiri kifo cha mgonjwa" amechagua la ndoto, na msomaji wake, ambaye amekulia kwenye jamii yenye manabii, waganga na wapiga ramli, atalisoma hivyohivyo. Ataelewa kwamba kuna jicho limeona mbele. Hakuna jicho lililoona mbele. Kuna jicho lililoangalia nyuma, kwenye mafaili ya wagonjwa waliokwisha kuondoka, likahesabu. Hayo ni makadirio. Neno tunalo, tena zuri, na halimtishi mtu bure.

Kuna tofauti nyingine ambayo neno "kutabiri" linaifunika. Modeli hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kutofautisha: ukichukua mgonjwa mmoja aliyekufa na mmoja aliyepona, je, modeli ilimpa yule aliyekufa alama kubwa zaidi? La pili ni ulinganifu na hali halisi: katika wale 100 ambao modeli iliwapa asilimia 30, je, ni kweli walikufa karibu 30? Modeli inaweza kufaulu la kwanza na kufeli la pili. Inaweza kupanga foleni vizuri kabisa, kuanzia aliye hoi zaidi hadi mwenye nafuu, na bado kila asilimia inayoitoa iwe na chumvi. Na hili hutokea sana modeli inaposafirishwa kwenda nchi nyingine, au inapozeeka wakati matibabu yanabadilika. Ndiyo maana APACHE imelazimika kuandikwa upya mara kwa mara. Toleo la nne lilitoka 2006, likitumia zaidi ya wagonjwa 110,000 wa Marekani. Utabiri unaohitaji kuandikwa upya kila baada ya miaka kadhaa ni utabiri gani huo?

Miaka kadhaa iliyopita mume wa shangazi yangu alilazwa ICU katika hospitali ambayo sitaitaja. Siku ya pili daktari kijana alitoka, akamwamkia shangazi kwa adabu zote, "Shikamoo mama," kisha akatuambia kwamba kwa alama alizozipata, mzee ana asilimia 80. Shangazi, ambaye amefanya biashara ya dagaa maisha yake yote na hesabu anazijua, akamuuliza: "Daktari mwanangu, asilimia themanini ya nini?" Yule kijana akajibu, ya kutopona. Shangazi akasema, "Hilo nimelielewa. Nauliza themanini katika wapi? Hapa kwenu wamewahi kulazwa wangapi kama huyu, na wangapi wametoka?" Daktari hakuwa na jibu. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Hakuna mtu katika hospitali ile aliyewahi kumpa hesabu hiyo.

Mzee alifariki siku ya nne. Sisemi kwamba angepona. Ninachokumbuka ni kilichotokea katikati. Usiku uleule, kwa nguvu ya namba moja, kikao cha ukoo kilianza kujadili gari la kusafirisha mwili. Mtu bado anapumua, na wajomba wanapiga hesabu za mafuta. Dawa zilizoandikwa kununuliwa nje zikaanza kuulizwa: kuna haja? Namba iliyotengenezwa kwa ajili ya kumhoji daktari ilikuwa imeshavuka mlango, imekaa kwenye kikao chetu, na inapiga kura.

Waliosoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa 1969, wanalijua tatizo hili kabla ya ICU yoyote. Ni mchezo unaomhusu nabii ambaye maneno yake yanachukuliwa na watu wenye haja nayo, wanayapa maana wanayoitaka, na yeye mwenyewe anashindwa kuyarudisha. Alama za hospitali zimepita njia hiyohiyo. Chukua SOFA, iliyochapishwa 1996 na kundi la wataalamu wa Ulaya. Inapima viungo na mifumo 6 ya mwili, kila kimoja kutoka 0 hadi 4. Walioiandika walisema wazi kwamba lengo lake ni kueleza jinsi viungo vinavyodhoofika siku hadi siku, na kwamba haikuundwa kwa ajili ya kutabiri mwisho wa mgonjwa. Walisema, wakaandika, wakachapisha. Miaka 24 baadaye, UVIKO-19 ilipopiga, majimbo kadhaa ya Marekani yalichukua SOFA na kuiweka kwenye miongozo ya kuamua nani apewe mashine ya kupumulia kama mashine zingepungua.

Matokeo yake? Utafiti uliochapishwa 2021, uliotumia rekodi za hospitali 27 za Marekani, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi SOFA ilikadiria vifo vingi kuliko vilivyotokea kweli. Sababu mojawapo inayotajwa ni kreatinini: maradhi sugu ya figo yamewakumba Wamarekani Weusi kuliko Weupe, kwa sababu za kihistoria ambazo sihitaji kuzieleza hapa, na alama haimuulizi mtu kama kreatinini yake imepanda jana au imekuwa juu miaka 10. Kwa hiyo mtu aliyeonewa na mfumo wa afya maisha yake yote anafika ICU na kukuta dhuluma ile imehesabiwa kama dalili kwamba mashine apewe mwingine. Na hakuna aliyemchukia. Ni hesabu tu.

Turudi Afrika, ambako jeraha ni la aina nyingine. Nilisema APACHE II inataka vipimo 12. Je, hospitali ikiwa haina kipimo kimojawapo? Mashine ya kupima gesi za damu imeharibika tangu mwaka juzi, au vitendanishi vya potasiamu vimeisha. Hapo kwa desturi ya matumizi ya alama hizi, kipimo kisichochukuliwa huhesabiwa kuwa cha kawaida. Alama sifuri. Asiyepimwa ni mzima.

Tafakari maana yake. Mgonjwa hoi katika hospitali isiyo na maabara anaonekana kwenye karatasi kuwa na nafuu. Akifa, hospitali inaonekana imeua mtu aliyetarajiwa kupona. Mgonjwa huyohuyo katika hospitali tajiri, anayepimwa damu kila baada ya saa chache, atakutwa na kila baya lililompitia, alama zitapanda, na akipona hospitali itapigiwa makofi. Ukosefu wa kipimo umetafsiriwa kuwa afya. Sijawahi kusoma hadithi ya kubuni yenye kejeli kali kama hiyo, na hii wala haijabuniwa.

Wapo waliolijibu tatizo hili kwa heshima. Nchini Rwanda, watafiti waliofanya kazi katika hospitali mbili za kufundishia za serikali walichapisha mwaka 2016 modeli yao, R-MPM. Inatumia mambo matano tu: umri, kama kuna maambukizi, kama shinikizo la damu limeshuka, kiwango cha fahamu, na mapigo ya moyo. Yote muuguzi anaweza kuyapata kitandani bila kusubiri maabara. Katika wagonjwa waliotumika kuijenga, karibu nusu walikuwa wamefariki. Mwaka 2017 ikaja alama ya UVA, iliyojengwa kwa takwimu za wagonjwa zaidi ya 5,500 wa nchi 6 za Kusini mwa Sahara, Tanzania na Uganda zikiwemo, na hiyo inahesabu hata hali ya VVU. Modeli kama hizi nazipigia debe. Lakini hata hizi zikisomwa vibaya zitatufikisha palepale. Modeli iliyojifunza katika wodi ambamo nusu wanakufa itakwambia kwamba mgonjwa wako huenda atakufa. Haitakwambia kwamba wale wa mwanzo walikufa kwa sababu mtungi wa oksijeni uliisha saa nane usiku. Inaichukua hali ya wodi na kuiandika kama hali ya mgonjwa.

Kisha kuna utabiri unaojitimiza wenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichunguza wagonjwa waliovuja damu kwenye ubongo, wakaona kwamba kitu kilichoamua zaidi nani afe kilikuwa uamuzi wa kusitisha matibabu. Madaktari waliamini mgonjwa hatapona, wakapunguza juhudi, akafa, na kifo chake kikaingizwa kwenye takwimu kuthibitisha kwamba wagonjwa wa namna hiyo hawaponi. Mgonjwa anayefuata anakuta namba imepanda. Namba inakula vifo ilivyovisababisha yenyewe, inanenepa, halafu tunasema imezidi kuwa sahihi.

Najua jibu mnalotaka kunipa, na ni jibu zito, kwa hiyo nilipe haki yake. Mtasema: bila namba, daktari ataamua kwa nini? Kwa sura ya mgonjwa? Kwa kabila, kwa kadi ya bima, kwa simu iliyopigwa na mkubwa fulani? Vitanda vya ICU ni vichache, na lazima mtu achaguliwe. Namba, hata ikiwa na makosa, haina shemeji wizarani.

Nakubali. Sitaki alama zichomwe moto. Daktari anayeamua kwa hisia peke yake naye ana modeli kichwani, ila yake haijachapishwa na hakuna anayeweza kuikagua. Namba iliyo wazi inaweza kukaguliwa, na ndiyo sababu tumejua kwamba SOFA iliwapunja wagonjwa Weusi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini angalieni hoja hii inadai nini: inadai namba ikaguliwe. Haidai iaminiwe. Na mnaoitetea kwa jina la haki, nawauliza: hospitali gani mnayoijua hapa kwetu inatangaza kwa wananchi vifo vilivyotarajiwa katika ICU yake na vilivyotokea? Kama namba ni ya haki, mbona inasomewa ndugu wa mgonjwa koridoni na haisomwi kwenye kikao cha bodi?

Tena kuna ushahidi kwamba kumpa daktari asilimia, peke yake, hakubadilishi chochote. Utafiti mkubwa ulioitwa SUPPORT, Knaus huyuhuyu akiwa miongoni mwa waliouongoza, ulichapishwa 1995. Katika hospitali 5 za Marekani, kwa maelfu ya wagonjwa mahututi, madaktari walipewa makadirio ya uwezekano wa mgonjwa kupona, na wauguzi maalumu wakawekwa ili kurahisisha mazungumzo na familia. Siku za kukaa ICU hazikupungua. Maumivu ya wagonjwa hayakupungua. Mazungumzo hayakuboreka. Namba ilifika mezani, ikakaa pale kama barua isiyofunguliwa.

Kinachobadilisha mambo ni nini basi? Nina mfano wa Dar es Salaam, Muhimbili, na ulichapishwa 2015. Katika ICU, watafiti walipima mfumo rahisi: wauguzi wachukue dalili za msingi za uhai, wajue kipi ni cha hatari, na kila hatari iwe na hatua iliyoandikwa ya kuchukua. Kabla ya hapo, miongoni mwa wagonjwa walioingia shinikizo la damu likiwa limeshuka sana, asilimia 92 walikufa. Baada ya hapo ikawa 69. Kwa wodi nzima mabadiliko hayakuwa makubwa kiasi hicho, na 69 bado ni namba ya kutisha. Lakini itazame ile 92. Mtu angeweza kuichukua mwaka mmoja kabla, akaiweka kwenye modeli, akatoka koridoni na kuwaambia ndugu: asilimia 92. Angekuwa sahihi kwa hesabu. Na angekuwa ameieleza wodi huku akidhani anamweleza mgonjwa. Karatasi ya maelekezo iliondoa pointi 23 kutoka kwenye "utabiri" ule.

Ushahidi wa karibuni zaidi ni wa bara zima. Utafiti uliochapishwa 2025 katika The Lancet uliingia katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa mmoja kati ya kila 8 aliyelazwa alikuwa mahututi. Karibu 7 kati ya kila 10 wa hao mahututi walikuwa kwenye wodi za kawaida, hawako ICU hata kidogo. Ndani ya siku 7, mmoja kati ya 5 alikuwa amefariki. Na sehemu kubwa ya waliohitaji vitu vya msingi kabisa, kama oksijeni, hawakuwa wanavipata. Sasa niambieni, kwa mgonjwa aliyelala wodi ya kawaida akihema bila oksijeni, modeli ya kisasa zaidi ya akili mnemba itatuambia nini ambacho mama anayemuuguza hajakiona?

Naitaja akili mnemba kwa sababu ndiyo inayokuja, na inakuja na vichwa vya habari tayari vimeandikwa. Itakuwa na vipimo elfu badala ya 12. Itakokotoa kila dakika. Lakini itakuwa imejifunza kwenye mafaili ya wodi zilezile, pamoja na mitungi iliyoisha na vipimo ambavyo havikuchukuliwa, na itatoa asilimia yenye desimali mbili ili tuiheshimu zaidi.

Kwa hiyo, wenzangu tunaoandika na tunaosoma, nina madai mawili. La kwanza ni letu wenyewe. Tuache "kutabiri kifo". Tuandike makadirio, na kila tunapoandika asilimia tuiandike pamoja na watu wake: wagonjwa wangapi, wa wapi, wa mwaka gani, walitibiwa na nini. Kama taarifa iliyoletwa mezani haina hayo, hiyo bado si habari, irudi ilikotoka. Anayesoma riwaya hakubali msimulizi amwambie mhusika atakufa bila kuuliza msimulizi huyo anajuaje. Tupeleke tabia hiyo hospitali.

La pili ni la hospitali na wizara. Hesabu hizi zielekezwe kule zilikoanza kufanya kazi nzuri mwaka 1986. Kila ICU iandike kila mwezi: tulitarajiwa kupoteza wangapi, tumepoteza wangapi, na tofauti hiyo imetokana na nini. Ibandikwe pale panapobandikwa bei za vipimo na namba za kulipia, ili anayekuja kulipa aione. Hospitali iliyotarajiwa vifo 69 ikapata 41 ijulikane na isifiwe. Iliyozidisha iulizwe. Mpaka hapo, anayetoka nje ya mlango wa ICU akiwa na asilimia mkononi aisome kwa ukamilifu, jina la hospitali yake likiwa ndani ya sentensi.